Vikapu vya Wahupa na Wakaruk: nakshi inakaaje nje tu, ndani isionekane?

MamaAneth_Kalenga

Kamwene wadau. Naomba msaada kwa wanaoujua ususi wa Wahupa na Wakaruk, wenyeji wa kaskazini-magharibi mwa California, Marekani, kando ya mto Klamath na mto Trinity. Nina picha za kofia zao za kike na mabakuli ya kupikia, nimezikuza mpaka kila mshono unahesabika. Msingi wake ni ule ule tunaoutumia hapa kwetu kwenye vikapu vya milulu: fito zimesimama, nyuzi mbili za mshindio zinapotana kila zinapopita ufito. Hapo sina shida.

Ninapokwama ni hapa. Nje kikapu kina nakshi nyeusi na nyeupe iliyokamilika, ila ukikichungulia ndani ni rangi moja tu, ya mzizi. Sisi tukisuka mlulu uliotiwa rangi, rangi inatokea pande zote mbili, na nakshi ya ndani inakuwa vurugu. Wao wanafanyaje?

Halafu inaelezwa kwamba walipikia uji ndani ya kikapu. Kikapu cha milulu ukikijaza maji kisimani, hayafiki mlangoni. Wao walipata wapi kikapu kisichovuja?

La mwisho: kwa malighafi ya Nyanda za Juu Kusini, tukitaka kusuka kidogo kimoja cha kujifunzia, si cha kuuza, tushike nini? Milulu tunayo, mianzi na ukindu vinapatikana, misonobari ya Mufindi haiko mbali.

FundiUkindu_Tukuyu

Mama Aneth, kamwene na wewe. Nianze na nakshi, maana ndiyo roho ya ususi huo.

Rangi unayoiona siyo mshindio. Mshindio wote ni mzizi, kuanzia kitako hadi ukingo. Rangi ni utepe mwembamba uliolazwa mgongoni mwa mzizi, upande wa nje, ukasafiri nao. Kwa hiyo msusi hashiki nyuzi mbili, anashika nne: mizizi miwili, na kila mzizi umebeba utepe wake.

Sasa fuata mwendo wa uzi mmoja, taratibu. Mzizi unapita mbele ya ufito. Utepe uko juu yake, jicho la nje linaona utepe tu. Hatua inayofuata, mzizi huo huo unazama nyuma ya ufito wa pili. Hapo ndipo penye siri. Ukiuviringisha mzizi na utepe wake kwa pamoja, utepe utageuka na kutazama ndani ya kikapu. Waachumawi, walio mashariki zaidi, husuka hivyo, na ndiyo maana nakshi yao inaonekana pande zote mbili. Msusi wa Kihupa au wa Kikaruk hauviringishi utepe. Anaubana kwa kidole gumba uendelee kutazama nje hata mzizi unapozama. Matokeo yake, nyuma ya ufito utepe unakuwa umebanwa katikati: mbele yake ufito, nyuma yake mzizi. Anayechungulia ndani anaona mzizi. Mzizi ukirudi mbele ya ufito wa tatu, utepe unatokea tena juu, sura ile ile. Utepe haugeuki hata mara moja kwenye safari yote, na mkono ukizoea hilo umemaliza nusu ya kazi.

Kubadili rangi: utepe mweupe ukitakiwa kumpisha mweusi kwa mishono michache, zipandanishe zote mbili kwenye mzizi huo huo, inayotakiwa juu, nyingine ijifiche chini yake. Kama pengo ni refu, kata, usibebe utepe usio na kazi, maana unanenepesha safu na safu nene haikai sawa juu ya nyembamba. Utepe mpya unachomekwa ncha yake nyuma ya ufito, chini ya mzizi, na mkia unabaki ndani urefu wa ukucha hivi.

Makosa yanayojirudia kwa wanaoanza ni mawili. La kwanza, utepe mwembamba kuliko mzizi. Mzizi unachungulia pembeni na nakshi nyeupe inaonekana chafu, kama iliyopakwa vumbi. Utepe uwe sawa na mzizi au uzidi kidogo sana. La pili, utepe mnene. Huo hauwezi kukunjwa kwenye kona ya ufito, unanyanyuka kama daraja, na safu ya juu haiwezi kushuka kuigusa ya chini. Ukikosa upana nakshi inachafuka, lakini ukikosa wembamba kikapu kizima kinavuja.

Kuhusu maji, jibu ni refu, nitarudi jioni.

Kijana_wa_Mlima_Rungwe

Mimi nadhani vikapu vya maji walivipaka utomvu wa msonobari kwa ndani. Nimewahi kuona picha ya mtungi wa kusuka unaong'aa kama umepakwa lami.

FundiUkindu_Tukuyu

Mdogo wangu, mtungi huo upo kweli, ila ni wa watu wengine. Wapaiute na Waapache, wa nchi kavu za magharibi mwa Marekani, ndio waliopaka utomvu kwenye mitungi yao ya maji. Bakuli la kupikia la Klamath halipakwi kitu. Fikiria mawe ya moto yakitumbukizwa ndani yake: utomvu ungeyeyuka ukaingia kwenye chakula.

Linazuia maji kwa mambo matatu yanayosaidiana. Kwanza ni ubanaji: fito nyembamba, mzizi mwembamba, kila safu imesukumwa chini kwa ukucha mpaka imekalia ile ya chini yake. Pili ni kuvimba: bakuli linaloweshwa kabla ya kupikia, mzizi unakunywa maji, unanenepa, na vitundu vilivyobaki vinajifunga. Tatu ni chakula chenyewe. Walichopika ni uji wa matunda ya mwaloni, ambayo hutwangwa, unga ukapitishwa maji mara nyingi kuondoa uchungu, kisha ukapikwa. Unga ule laini unaingia kwenye upenyo wowote uliosalia na kuuziba, kama uji wa ulezi unavyoziba tundu la kichujio.

Na upishi wenyewe: mawe yanachomwa motoni, yanachovywa haraka kwenye maji kuondoa majivu, yanawekwa ndani ya uji, na mpishi anakoroga bila kupumzika kwa mwiko wa mti. Akiacha kukoroga jiwe linatulia kwenye kitako na kuunguza fito.

Ndiyo maana mlulu hautafika huko, Mama Aneth. Mlulu ni laini, ndani una sifongo. Ukilowa unavimba sana, ukikauka unasinyaa kupita ulivyokuwa, na kila mzunguko wa kulowa na kukauka unakilegeza kikapu. Kwa kikapu cha sokoni hauna mpinzani. Kwa bakuli la maji unahitaji kitu kigumu chenye nyuzi ndefu, na hicho ni mzizi.

Misitu_Mafinga

Naomba niingie kwenye malighafi, maana watu huanza kusuka mapema mno. Kule Klamath kazi kubwa inafanyika kabla ufito wa kwanza haujawekwa juu ya wa pili.

Fito zao nzuri ni za heizeli, kichaka cha huko kinachozaa kokwa za kuliwa. Mierebi pia hutumika. Heizeli iliyojiotea tu haifai. Ina matawi, ina vifundo, imetobolewa na wadudu. Kwa hiyo wanapitisha moto mdogo chini ya miti. Kichaka kinaungua juu, lakini kisiki kilicho ardhini ni kizima na kinatoa machipukizi mengi, marefu, yaliyonyooka bila tawi. Baada ya msimu mmoja au miwili ya kukua, machipukizi hayo yanachumwa majira ya kuchipua, yaani Aprili na Mei kwao, utomvu unapopanda. Wakati huo gome linavuka lenyewe kama ngozi ya nyoka. Ukichelewa gome linashikamana na mti, itabidi ukwangue kwa kisu, na kisu kitakata nyuzi za juu. Siku ya kukunja, ufito unavunjika pale pale ulipokwanguliwa.

Baada ya kumenywa zinaanikwa, zinapangwa kwa unene na urefu, zinawekwa zikauke kabisa. Hili lisirukwe. Ufito mbichi ukisukwa, utakauka ndani ya kikapu, utasinyaa, na mshindio uliokuwa umeubana utabaki umelishika pengo. Kikapu kinakuwa kinacheza kama jino la mtoto. Fito ziwe kavu, mshindio uwe na unyevu.

Mizizi huchimbwa ya msonobari, na pwani ya sprusi, mti wa jamii hiyo hiyo. Ya msonobari inachomwa kwenye mchanga wa moto kisha inapasuliwa ingali na joto, katikati, halafu katikati tena, mpaka iwe nyuzi. Anayepasua mianzi ataijua kanuni hii: mpasuko ukianza kukimbilia upande mmoja, kunja zaidi ule upande mnene, mpasuko utarudi katikati. Ukivuta kwa nguvu upande mwembamba, umeupoteza uzi.

Nyeupe ya nakshi ni majani marefu ya mmea wa milimani unaoitwa nyasi ya dubu, kitaalamu Xerophyllum tenax. Nayo inapenda moto: majani yanayoota mwaka unaofuata baada ya kuungua ni membamba, imara na laini, ya zamani ni makavu na yanakatika. Nyeusi haipakwi rangi, ni shina la kangaga wa jamii ya Adiantum. Shina linapasuliwa na upande mweusi unaong'aa ndio unaotumika. Nyekundu ya hudhurungi inatoka kwa kangaga mwingine mkubwa, Woodwardia. Bua lake linapondwa, ndani zinatoka nyuzi mbili bapa, zinatiwa rangi kwa gome la mti wa alda. Zamani msusi alitafuna gome hilo na kupitisha uzi mdomoni. Njano ya kofia za heshima ni miiba ya nungunungu iliyotiwa rangi kwa likeni ya njano, ule ukoga unaoota kwenye magome ya miti.

Hapo kwenye mdomo pana jambo zito. Wasusi hupitisha mizizi na nyuzi mdomoni muda wote wa kazi, kuilainisha na kuipasua. Ndiyo maana unyunyiziaji wa dawa za kuua magugu misituni ulikuwa moja ya malalamiko yao makubwa, na moja ya mambo yaliyopiganiwa na chama cha wasusi wenyeji wa California kilichoanzishwa mwaka 1992. Mama Aneth, hata milulu yenu: kama inakatwa kando ya mashamba ya vitunguu au nyanya yanayopulizwa dawa, ioshwe, na asiweke mtu mdomoni.

Na moto nao ulikuwa mgogoro. Kuanzia sheria ya misitu ya Weeks ya mwaka 1911, serikali ya Marekani ilishika njia ya kuzima kila moto wa msituni, na uchomaji wa wenyeji ukahesabiwa kosa. Wasusi wakakosa fito ilhali vichaka vimejaa. Siku hizi Wakaruk na majirani zao wamerudisha uchomaji wa kupangwa, kwa ratiba, na fito zimerudi.

Kwetu hapa msiwashe moto. Narudia kwa herufi zote: huku Mufindi tumezungukwa na mashamba ya miti ya Sao Hill, na moto mmoja wa Septemba unakula jasho la miaka ishirini. Panga linafanya kazi ile ile ya kulazimisha kisiki kichipue. Kwenye mierebi ya kandokando ya mto, kata shina usawa wa ardhi mwishoni mwa kiangazi, kata kwa mteremko ili maji ya mvua yasituame juu ya kisiki. Machipukizi ya msimu wa mvua yatakuwa yamenyooka. Yakate unene wa njiti ya kiberiti hadi unene wa penseli, kabla hayajatoa matawi, na menya siku hiyo hiyo. Yakilala usiku mmoja, nje au ndani, gome limeshaganda.

MamaAneth_Kalenga

Ndaga fijo Fundi, na asante sana ndugu wa Mafinga. Nimesoma mara mbili. Maswali yaliyobaki: msonobari wetu wa Sao Hill, huu patula, mzizi wake unafaa? Na kama mierebi haipo jirani, mianzi inaweza kusimama badala ya fito? Halafu kangaga mweusi ninamfahamu, anaota kwenye mawe yanayodondoka maji. Bua lake ni jeusi kweli kweli.

Misitu_Mafinga

Kuhusu mzizi wa patula, usichukue neno la mtu, pima. Chukua mzizi ulionyooka, unene wa kidole kidogo, ule unaotambaa karibu na uso wa udongo tifutifu. Wa kwenye mawe umejipinda na hautapasuka sawa. Omba ruhusa kwa ofisi ya msitu, na lenga eneo lililovunwa karibuni, visiki vikiwa bado vibichi. Kisiki kilichokaa msimu mzima mizizi yake imeshaoza nyuzi, itakatika kama mkate. Ufukie kwenye mchanga uliopashwa moto juu yake kwa nusu saa, utoe, umenye, upasue. Kisha uzungushe uzi kwenye kidole cha shahada mara tatu. Usipopasuka wala kunyanyua vinyuzi, unafaa. Ukinyanyua vinyuzi, jaribu tena na mzizi mwembamba zaidi kabla ya kukata tamaa.

Usichimbe mizizi yote ya upande mmoja wa mti ulio hai. Chukua miwili mitatu, funika udongo, nenda kwa mti mwingine.

Kangaga wako wa kwenye mawe ni ndugu wa yule wa California, lakini bua lake ni fupi na jembamba mno. Ukishalipasua hubaki na kitu cha kusukia. Pata nyeusi kwa njia nyingine: loweka tepe za ukindu kwenye maji yaliyochemshwa na magome ya miwati, usiku kucha, zitoke hudhurungi. Kisha zifukie kwenye tope jeusi la kinamasi lenye kutu ya chuma kwa siku mbili tatu. Chuma kikikutana na ule ukali wa gome, rangi inageuka nyeusi, na haitoki kwa maji. Ukiishia kwenye gome peke yake una hudhurungi nzuri inayosimama badala ya ile nyekundu ya alda. Usizidishe siku za topeni, chuma kikikaa sana kinaoza nyuzi na utepe unakatika ukiukunja.

Nyungo_Mwanjelwa

Kwenye mianzi nina la kusema. Mwanzi unasimama vizuri kama ufito, ila uchongwe uwe wa duara. Watu wanapasua mwanzi wanaacha vijiti bapa vyenye kingo kali. Mzizi ukipotwa juu ya kingo ile unakatwa polepole, na baada ya miezi unakuta kikapu kimefumuka ndani wakati nje kizima. Chonga kijiti, kisha kipitishe kwenye tundu lililotobolewa kwenye bati, vuta, utakipata cha duara na unene mmoja. Milimita 2 inatosha kwa kikapu cha kujifunzia. Ganda la kijani la nje liache upande mmoja, ndilo lenye nguvu, lakini likwangue ule utelezi, vinginevyo safu zinateleza na kushuka zenyewe.

Sasa hesabu ya fito, ambayo hamjaigusa, na ndiyo inayoamua nakshi. Mshindio ni nyuzi mbili. Mpe mmoja utepe mweupe na mwingine mweusi. Fito zikiwa shufwa, tuseme 48, uzi mweupe kila mzunguko utatua juu ya fito zile zile, mweusi vivyo hivyo. Unapata mistari iliyosimama wima. Fito zikiwa witiri, 49, kila mzunguko rangi zinabadilishana, ufito uliokuwa mweupe unakuwa mweusi, na unapata madoa ya draftini. Kwa hiyo kabla ya kuanza nakshi hesabu fito, usikisie. Kama umekusudia mistari na ukakuta witiri, ongeza ufito mmoja kitakoni, usijaribu kurekebisha ukishafika ubavuni.

Kitako: chukua fito 16 za sentimita 30. Nane zilale, nane zikatize juu yake, katikati. Funga msalaba huo kwa mzizi, uzungushe fito zikiwa mbili mbili kwa safu tatu, kisha uzitenganishe moja moja. Hapo zinakuwa ncha 32. Kila nafasi kati ya ncha mbili ikizidi unene wa mshindio mara mbili, ongeza ufito: chonga ncha yake iwe kama kalamu, ichomeke kandokando ya ufito wa zamani, zipote pamoja mzunguko mmoja, mzunguko unaofuata zitenganishe. Usiongeze fito zote sehemu moja, kitako kitatokeza nundu. Zigawe kuzunguka pande zote nne.

FundiUkindu_Tukuyu

Naongezea hapo kwenye kitako. Kabla tu fito hazijakunjwa kwenda juu, weka safu moja au mbili za nyuzi tatu badala ya mbili. Kila uzi unapita mbele ya fito mbili na nyuma ya mmoja. Nje inaonekana kama kamba iliyosokotwa, ndani inafanana na mshono wa kawaida. Wahupa na Wakaruk huziweka mwanzoni, kwenye kona ya kitako na karibu na ukingo, kwa kuwa ndizo sehemu zinazobeba mzigo na kusuguliwa. Bila safu hiyo, ubavu ukianza kupanda kona inakuwa mviringo usio na msimamo na kikapu kinakaa upande.

Jambo jingine ni kupinda. Upotaji siku zote unasukuma fito kuelekea upande unaoendea. Safu moja huoni kitu. Safu kumi, fito zote zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Dawa ni kila baada ya safu tatu, shika fito mkono mzima, zirudishe wima, kisha endelea. Zikishalala safu kumi hazirudi, fumua.

Na unyevu: mshindio uloweke dakika kumi, kisha ufunge kwenye kitambaa kibichi, usiuache ndani ya beseni. Uzi uliokaa majini saa nzima umevimba. Utabana vizuri ukiwa mkononi, halafu usiku utakauka na asubuhi unaona mwanga kati ya safu.

Mwl_Ufundi_Njombe

Shikamoo wakubwa, kamwene Mama Aneth. La kwangu ni kuhusu nakshi zenyewe, kwa sababu wanakikundi wakishaweza mbinu watataka kunakili picha.

Nakshi za Klamath zina majina: mguu wa chura, pua ya nyoka, mgongo wa samaki mkubwa wa mtoni, na nyingine nyingi. Umbo moja linaweza kuwa na jina tofauti kwa Wayurok wa mtoni chini na jina tofauti kwa Wakaruk wa juu. Mtafiti Lila O'Neale, aliyechapisha kazi yake kuhusu wasusi wa Kiyurok na Kikaruk mwaka 1932, alifanya jambo ambalo wengi kabla yake hawakulifanya: aliwauliza wasusi wenyewe kipi ni kikapu kizuri na kipi kibaya. Kwao uzuri unatazamwa kwenye ulinganifu wa mshono, umbo lililotulia, na nakshi kukaa mahali pake sahihi kwa aina ya kikapu. Kofia ina mpangilio wake, bakuli la uji lina wake, na msusi mzuri hachanganyi.

Anayetaka kuona kilele cha kazi hiyo atafute picha za vikapu vya msusi Elizabeth Hickox, aliyefariki mwaka 1947. Ni vidogo, vina kifuniko chenye kishikio kirefu, uwanja wake ni mweusi wa kangaga na nakshi ni njano ya miiba ya nungunungu. Tazama jinsi mistari ya mwilini inavyoendelea mpaka kwenye kifuniko bila kukatika. Kifuniko na kikapu vinasukwa mbali mbali, kwa hiyo ilibidi hesabu ya fito za kimoja ikubaliane na ya kingine.

Ombi langu: chukueni mbinu, nakshi wekeni za kwenu. Vipo vikapu vya kule vinavyotumika kwenye ngoma za ibada mpaka leo, kama kile kirefu cha mviringo cha ngoma ya kuruka, na hivyo havifai kufanywa mapambo ya mezani. Mistari ya vikapu vyenu vya Iringa inatosha kabisa. Ukiweka mistari ya Kihehe kwa utepe unaoonekana nje tu, ndani safi, mnunuzi wa baadaye atajua ni kikapu cha Kalenga.

MamaAneth_Kalenga

Mwalimu, marahaba, tumekubaliana. Tutaanza na mistari wima, fito 48 za mianzi. Ukindu tutaagiza Kyela. Swali la mwisho kabisa: ukingo. Vikapu vyetu tunakunja ncha za fito na kuzirudisha ndani. Mianzi ya milimita 2 itakubali kukunjwa?

Nyungo_Mwanjelwa

Haitakubali, dada, itavunjika, na usiilazimishe. Kule Klamath vikapu vingi havikunjwi ukingoni. Msusi anamaliza kwa safu za nyuzi tatu zilizobanwa sana, mwisho wa nyuzi unazamishwa chini ya mishono iliyotangulia, kisha fito zinakatwa usawa. Fanya safu tatu za namna hiyo. Kata ncha kwa kisu kikali ukiacha milimita 2 juu ya safu ya mwisho; ukikata sawasawa kabisa, safu ya juu inaweza kuchomoka siku ya kwanza ya kubebwa. Kikapu kinachotumika kwa kazi nzito ongeza ufito mmoja mnene kuzunguka ukingo na uufunge kwa mzizi.

Kabla hujakata chochote, kiache kikapu kivulini siku tatu. Kisha jaza maji, subiri dakika 15. Yakivuja matone halafu yakapungua, mzizi unavimba na kazi ni nzuri. Yakitiririka mahali pamoja, hapo pana safu iliyopandiana: iweke alama kwa uzi, kausha kikapu, sukuma safu chini kwa ncha ya msumari butu kuanzia juu kurudi mahali penye alama. Mikia ya tepe iliyobaki ndani ikate baada ya jaribio hilo, kikapu kikiwa kimekauka tena, maana utepe uliolowa umevimba, na ukiukata hapo utasinyaa ukikauka na unaweza kuchomoka.